Taa Niliyoiacha Juu ya Kisima

Juzi baada ya Ijumaa nilimsikia mmoja wenu, simtaji jina, akisema lile birika la shaba pale mlangoni pa msikiti litupwe. Eti limebonyea ubavuni, linatia aibu wageni wakija kutoka Mbeya, eti mchange mnunue la plastiki, la rangi ya kijani. Nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema, nilikuwa nalo tele, ila nilikuwa na hasira, na mzee mwenye hasira msikitini ni kichekesho. Leo hasira imepoa. Kaeni hapo mkekani niwaambie birika lile lilibonyezwa na nani, na kwa nini kila nikilishika namshukuru Mungu mpaka machozi yananilengalenga. Na wewe mwenye plastiki, njoo ukae mbele kabisa.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba visima. Ninyi mnavijua visima vya mashine: linakuja lori, linanguruma kutwa, bomba linaingia, mnapiga makofi. Sisi tulikuwa tunaingia wenyewe. Sururu, mtaimbo, sepetu, debe la kutolea udongo, kamba ya katani, na kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, kimening'inizwa kwenye gogo juu ya shimo. Mmoja anachimba chini, watatu wanavuta juu. Nimefanya hivyo miaka zaidi ya ishirini, enzi za Mwingereza, kuanzia Mlowo hadi hapa mpakani. Mgongo huu mnaouona haukupindwa na uzee.

Wala sikuupanga ufundi huo. Nilikuwa naenda zangu migodini, Rodesia ya Kaskazini, kama vijana wote wa Kinamwanga wa wakati ule. Ukishaota ndevu unavuka mpaka, unarudi baada ya miaka miwili na blanketi na baiskeli. Baba yangu alikuwa ameshawaambia majirani blanketi litakuwa la rangi gani! Nilipofika Tunduma, ambayo wakati huo ilikuwa maduka machache na vumbi, nikaishiwa chakula. Hapo nikamkuta mzee mmoja mfupi, kanzu imepandishwa hadi magotini, kichwa kimejaa udongo, ameinama anagombana na shimo. Nasema kweli, alikuwa analigombeza shimo. Akageuka akaniona.

"Wewe una mabega. Unayapeleka wapi?"

Nikamwambia naenda migodini.

"Kufanya nini?"

"Kuchimba."

"Sasa unatembea mbali kote huko kutafuta shimo, na shimo hili hapa?"

Nikacheka, nikashika kamba. Nilijua nitakaa wiki moja nipate nauli ya tumbo.

Huyo ndiye Fundi Athumani, Mmanyema wa Ujiji, aliyeletwa huku na vita vya Mjerumani akiwa mpagazi. Vita vikaisha, yeye hakurudi. Mungu amrehemu, amlaze mahali pasipo na vumbi. Alinifundisha kuyatafuta maji kwa macho: tazama mkuyu ulipoota peke yake, tazama vichuguu vimekaa mstari gani, amka mapema uone ukungu unalala wapi. Kule Mbozi kulikuwa na mzungu mmoja wa kahawa ambaye alitafuta maji kwa kijiti chenye panda, anakishika kwa mikono miwili na kutembea shambani amefumba macho. Sisi tulikuwa tumeshaona mkuyu na tumeshachora alama. Mzungu naye akatangatanga weee, akaja kusimama palepale kwenye alama yetu, kijiti kikainama. Akafurahi kama mtoto. Nikataka kubisha kwamba sisi ndio tulioanza. Fundi akanikanyaga mguu. "Mwache," akaninong'oneza, "maji aliyaweka nani, wewe au yeye? Basi mnagombea nini?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifundisha dini, kwa kukanyaga watu miguu. Hakusoma vyuo. Sura alizozijua ni chache, na alizisoma kwa lafudhi ya Ujiji. Lakini kila alichokijua alikuwa amekishusha shimoni akakijaribu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana bila hili mengine hamtayaelewa. Mchimbaji akitaka kutolewa shimoni, kuna kijiti kimefungwa mwishoni mwa kamba, anakikalia kama bembea. Anajifunga mshipi wa ngozi kifuani. Anatikisa kamba mara mbili. Halafu anakunja mikono kifuani na kutulia tuli. Hashiki ukuta, hashiki kamba. Ukishika ukuta unang'oa mawe, yanakuangukia mwenyewe. Ukiikumbatia kamba unayumba, walio juu wanashindwa. Ni rahisi kusema! Ukiwa hewani, miguu haina kitu, giza chini yako, mikono inataka kushika chochote. Kule Mlowo nilishika ukuta, jiwe kubwa kama boga likachomoka likanipiga begani. Bega hili la kushoto mpaka leo mvua ikikaribia linaniambia kabla ya redio. Nilipofika juu nalia, nilitegemea pole. Fundi akaniuliza:

"Mshipi ulifunga?"

"Nilifunga."

"Kapi ulilikagua asubuhi?"

"Nililikagua."

"Sasa kule hewani ulikuwa unamsaidia nani?"

Akanifunga bega kwa kilemba chake mwenyewe, taratibu, huku anaongea. "Kufunga ni kazi yako, Mwazembe. Kuvutwa si kazi yako. Wewe unataka kufanya zote mbili, ndiyo maana umevunjika." Akakaza fundo. "Ukiniuliza Uislamu ni nini, mimi mjinga nitakwambia ni hapo. Fanya la kwako, ulifanye barabara, halafu kunja mikono."

Mwazembe ndilo jina nililozaliwa nalo, nililirithi kwa babu. Na mimi kwetu tulimjua Mungu, msidhani tulikuwa watu wa porini. Leza, aliyeumba mbingu. Ila kumfikia ilikuwa shughuli: unapitia kwa wazee waliokufa, nao wanataka kuku mweupe, wanataka pombe ya ulezi, na wana vinyongo. Siku moja tulikwenda boma kuomba kibali cha kuchimba. Tulikaa kwenye ngazi siku tatu. Tarishi anatutuma kwa karani, karani anaturudisha kwa tarishi, Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, tunamwona dirishani anakunywa chai. Siku ya tatu Fundi akanigeukia akasema, "Unamwona huyu karani? Leza wenu mnamjua, hamkukosea. Kosa lenu mmemwekea makarani. Hana karani yule. Wala tarishi. Yeye ni mmoja, na mlango uko wazi, unaingia na tope lako."

Nilicheka pale ngazini. Lakini njia nzima ya kurudi sikucheka tena. Mwezi huohuo nikatoa shahada ukingoni mwa kisima kimoja upande wa Chapwa, udongo hadi kwenye kope. Fundi akanipa jina la Ramadhani, kisha akacheka peke yake. Kesho yake nikajua alichochekea: ndiyo kwanza mwezi wa saumu unaanza, nami nachimba juani bila tone la maji. Akanipa na zawadi, birika lake la shaba la kutawadhia. Lilikuwa limenyooka, linang'aa. Ndilo hilo mnalotaka kulitupa.

Nikarudi nyumbani kusalimia. Kwetu ni huko bondeni, upande wa Msangano, mahali pa joto, na wakati ule kiangazi mto ulikuwa unabaki mchanga. Wanawake walitoka na nyota kwenda kufukua maji mchangani, wanarudi jua limeshakuwa kali, mtungi mmoja. Miaka mitatu nilikuwa sijaonekana. Natokea na kanzu na birika. Baba akanizunguka, akatazama nyuma yangu kama kuna mzigo.

"Blanketi liko wapi?"

Nami kijana mpumbavu nikajibu, "Tata, sikuleta blanketi. Nimeleta dini."

Akavumilia hilo. Kweli alivumilia. Jua likapinduka, nikachota maji mtungini kwa mama, nikachuchumaa uani, nikatawadha. Mikono, uso, kichwa. Nilipofika miguuni baba akaruka. "Mama yako ametoka na nyota kuyatafuta, wewe unaoshea miguu!" Akalipiga birika teke, likaruka, likagonga figa la jikoni. Hapo ndipo lilipobonyea, ubavu wa kulia. Maji yakamezwa na vumbi papo hapo. Mama akashika kichwa. Baba akanielekezea kidole. "Mtoto wangu anaitwa Mwazembe. Huyo Ramadhani mimi simjui. Akija nyumbani kwangu aje na maji yake."

Niliondoka siku hiyohiyo. Nilikuwa na uchungu, lakini wajukuu zangu, kilichoniuma zaidi ni kwamba kuhusu maji alikuwa amesema kweli. Sikuwahi hata kumpa mama shikamoo ya maana, nikaanza kumwaga jasho lake. Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima, kila debe la udongo ninalojaza naliona lile vumbi linavyokunywa. Mwisho nikamwomba Fundi twende tukachimbe kwetu. Alikuwa ameanza kukohoa, haingii tena shimoni, anakaa juu tu kusimamia. Akaniuliza, "Tunachimba maji au tunachimba baba?" Nikasema vyote viwili. "Haya," akasema, "sema ukweli hivyohivyo ukiwa kwenye sijida."

Mwene wetu, mkuu wa eneo, alikubali mara moja. Akaamuru kila kaya itoe mtu wa kuvuta kamba. Baba angeweza kumtuma mpwa wake. Akaja mwenyewe. Akaja na asinizungumzishe! Alikuwa akipitisha maneno kwa shemeji yangu Yeremia, mume wa dada, mwalimu wa dini kule misheni, mtu mpole sana. Mimi niko shimoni, baba yuko juu, sauti yake naisikia vizuri kabisa, anasema: "Mkwe, mwambie huyo aliye chini debe linakuja." Yeremia anainama: "Shemeji, debe linakuja." Nami najibu, "Mwambie nimelisikia." Watu walikuwa wanakuja kututazama kama ngoma.

Wazee walitaka kuku mweupe achinjwe ukingoni, damu iingie shimoni, ndipo tuanze. Fundi akawajibu kwa adabu kwamba maji ya kunywa hayataki damu, na kuku atafaa zaidi kwenye chungu. Wangeelewana. Lakini mimi, mwenye dini ya juzi, nikapayuka mbele ya wazee kwamba hayo ni ujinga na waliokufa hawana mate ya kutemea baraka. Baba alikuwa amekaa miongoni mwao. Alinitazama tu. Kuku hakuchinjwa, na tangu siku hiyo hata kupitia kwa Yeremia alinipa maneno kwa uchache.

Tulifika pima saba, kama kimo cha watu saba, bado kukavu. Kukatokea msiba kijijini, tukasimama siku nne, shimo limefunikwa kwa magogo na majani. Siku ya tano asubuhi Fundi akachukua sururu kwenda kwa mhunzi kuinoa. Akaniagiza: "Shimo lililolala linakusanya hewa nzito. Shusha taa. Ikizimika usiingie, punga matawi kwanza. Nakuja sasa hivi." Ndiyo ilikuwa kawaida yetu ya kila siku: unawasha chemli, unasema bismillahi, unaishusha kwa kamba mpaka chini. Ikiendelea kuwaka, nawe utaendelea kuwaka. Ikifa, jua ungekufa wewe. Hewa ile haina harufu. Haikohozi. Inakulaza tu.

Basi nimeshika chemli, nimeshaiwasha, naitafutia kamba. Baba amekaa juu ya rundo la udongo. Akamwambia Yeremia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mpaka:

"Mkwe, hawa watu wa Mungu mmoja wanatucheka kuku wetu. Hebu mtazame. Kila asubuhi anashika taa, anainama, ananong'ona maneno yake, anaitanguliza shimoni kabla hajaingia. Ikikataliwa inazimika, naye haingii. Ikipokelewa, anaingia. Sasa hiyo si kafara? Tena afadhali kuku, kuku unamla."

Kila mtu akacheka. Hata Yeremia alificha mdomo. Na ilichekesha, jamani! Leo nacheka. Lakini siku ile iliniingia kama mwiba, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaona watu wote wananihesabu mwongo, kwamba nami nina karani wangu wa siri na karani mwenyewe ni taa. Nikaitua chini ukingoni, inawaka. Nikasema kwa sauti, "Leo nashuka na Mungu peke yake."

"Shemeji," Yeremia akasema, "taa."

"Mungu hazimiki," nikamjibu, nikakalia kijiti, wakanishusha.

Nikafika chini, nikafungua mshipi, nikashika sepetu kuondoa udongo uliomomonyoka. Nikachota mara nne, tano. Magoti yakawa si yangu. Nikadhani ni njaa. Nikaegemea ukuta nipumzike kidogo, nikajikuta nimekaa. Kichwani kukawa kuzito na kutamu, kama mtu aliyelala mchana baada ya kula. Nilijua. Msidhani sikujua. Nilijua kabisa kwamba hii ndiyo ile hewa, na kwamba nisimame, na sikutaka kusimama. Juu nikasikia naitwa Mwazembe, Mwazembe. Nikaona kama niko mtoto, naitwa kutoka mchezoni kwenda kulala, nikasema moyoni haya, nalala.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye na Yeremia. Baba ndiye aliyekuwa akiita. Alipoona kimya alitaka kuruka ndani, watu wawili wakamshika. Fundi Athumani akatokea na sururu begani. Kitu cha kwanza alichokiona ni chemli, imekaa ukingoni inawaka juani. Akaitupa sururu. Akamkamata baba mabega, yeye mfupi na baba mrefu, akamwambia, "Ukiingia mtakufa wawili. Mwite! Si hilo jina la nyumbani, hilo linamlaza. Mwite la kazini. Miaka yote hii mimi nikisema 'Ramadhani, funga!' mikono yake inafunga hata akiwa usingizini. Sema hivyo."

Yeremia anasema baba alifungua mdomo mara ya kwanza, sauti haikutoka. Mara ya pili ikatoka.

"Ramadhani! Funga!"

Niliisikia. Sauti ya baba, jina langu. Vitu viwili hivyo sikuwahi kuvisikia pamoja, na ndicho kilichonifungua macho, mshangao tu.

"Ramadhani, funga! Ramadhani mwanangu, funga, funga!"

Mikono ikaenda yenyewe. Ilivuta kijiti, ikakiingiza chini ya mapaja, ikatafuta mshipi, ikapitisha, ikakaza. Ilikuwa imezoea. Kutikisa kamba sikumbuki, lakini wanasema ilitikisika. Baada ya hapo mikono ikaanguka, nguvu zimekwisha. Nikainuka kutoka ardhini. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote ya kazi, sikushika ukuta wala kamba. Sikuwa na cha kushikia. Nilikuwa wa kuvutwa tu. Kichwa kimening'inia nyuma, naona mdomo wa kisima juu, duara dogo jeupe, linakuja. Nilitamka shahada, sijui kama ilifika midomoni. Na hofu, wajukuu zangu, hofu ilikwisha kabisa. Nimesali miaka mingi tangu siku hiyo nikiitafuta tena ile hali. Huwa naikaribia.

Walinilaza kwenye nyasi. Yeremia alikuwa amepiga magoti anasali kwa njia yao, machozi tupu. Fundi alinimwagia maji usoni, na nilipofumbua macho vizuri hakunipa pole. Aliniletea chemli mbele ya pua.

"Hii taa amekupa nani?"

Kichwa kilikuwa bado kinazunguka. "Umeinunua kwa Mwarabu," nikasema.

Nikaona mdomo wake unataka kucheka, akaubana. "Na akili ya kujua kwamba hewa inayoua taa inaua mtu, hiyo nayo ni ya Mwarabu? Mungu amekupa macho uone hatari, wewe umeyaacha ukingoni, ukamwachia yeye na kazi yako wewe. Kisha unasema umeshuka na Mungu peke yake! Wewe ulishuka na Ramadhani. Ulitaka watu wamwone Ramadhani alivyo na imani. Umemwekea Mungu mshirika leo, na mshirika mwenyewe ni wewe."

Sijawahi kupigwa kwa fimbo ikauma hivyo. Na namshukuru. Mmenisikia nikiwakanya hapa msikitini kuhusu hirizi na mizimu, lakini mshirika mgumu kuliko wote ndiye huyo, yule anayevaa kanzu yako na kuitika jina lako.

Baba alikuwa bado ameshika kamba. Nimeshatolewa, nimelazwa, yeye kamba hakuiachia. Yeremia akaenda kumfungua vidole kimoja kimoja, ngozi ya viganja imebaki kwenye katani. Akasema, bila kumtazama mtu, "Maneno ya taa nimesema mimi. Nilikuwa nataka kumchokoza tu. Nilitaka anijibu."

"Mzee," Fundi akamwuliza polepole, "ulipokuwa unavuta nilikusikia unaita. Ulikuwa unamwita nani?"

"Leza."

"Wazee wako hukuwapitia?"

Baba akavitazama viganja vyake. "Hapakuwa na muda wa kutafuta kuku," akasema.

Fundi Athumani alicheka mpaka kikohozi kikamwangusha chini. Yeremia akacheka huku analia. Mimi nilikuwa sina nguvu, nikacheka kwa tumbo tu, na baba akatutazama wote watatu kama wendawazimu, kisha naye mabega yakaanza kutikisika.

Siku iliyofuata tulipunga matawi ya majani asubuhi nzima, juu chini, juu chini, kutoa ile hewa. Baba alininyang'anya chemli. Tangu siku hiyo kuishusha ikawa kazi yake, hakumpa mtu. Alikuwa akilala kifudifudi ukingoni, kichwa ndani, anautazama ule moto mdogo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu anainuka anasema: "Inawaka, Ramadhani. Shuka." Bila Yeremia katikati.

Najua mnataka kuniuliza kama baba alisilimu. Kila ninayemsimulia huuliza. Alikufa miaka mingi baadaye, nikiwa nimemshika mkono. Mdomo ulikuwa unatembea, sikusikia alichosema. Mambo ya ndani ya mtu yana mwenyewe, naye hana karani, na mimi sikuajiriwa kazi hiyo. Namwombea kila siku na kumshukuru aliyenipa baba yule. Msiniulize zaidi.

Maji tuliyapata pima tisa. Kwanza changarawe ikawa baridi nyayoni, kisha tope, kisha nikasikia mlio mdogo pembeni, kama mtoto anayenyonya. Nikapiga kelele. Juu wakapiga kelele. Mama alipandishiwa mtungi wake wa kwanza kujaa, akakaa chini kando yake, akauwekea mkono begani kama mtu. Wazee, wanawake, watoto, kila mtu anataka kuonja. Niliposhuka kutoka kwenye kijiti, tope hadi kichwani, jua lilikuwa limeshapinduka. Nikatafuta birika langu nilipokuwa nimeliacha, kwenye mizigo chini ya mti, nisilione.

Alikuwa nalo baba. Alikuwa amelijaza. Alikuja nalo amelishika kwa mikono miwili yenye vidonda, anatembea polepole yasimwagike, amepita katikati ya watu wote mpaka mbele yangu. Akakitazama kile kibonyeo, akakipitishia kidole gumba.

"Nilisema huyo Ramadhani akija nyumbani kwangu aje na maji yake," akasema.

Akachuchumaa, mzee yule mrefu, akaliinamisha birika juu ya miguu yangu yenye tope.

"Haya," akasema. "Amekuja nayo. Nawa, mwanangu, usichelewe."